Kutegua Fumbo na Kutegua Bomu: Uhakiki wa Lugha ya Nyaya za Rangi

Miongoni mwa mafumbo ya kimantiki yanayopendwa na walimu wa hisabati na watungaji wa filamu, limo lile la bomu lenye nyaya za rangi mbalimbali. Saa inakwenda, mtu ameshika mkasi, na hana budi kuchagua waya mmoja. Akichagua sawasawa, bomu halilipuki. Akikosea, hapati nafasi ya kujaribu tena. Fumbo hili limesimuliwa kwa lugha nyingi, na sasa linaanza kufasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya mazoezi ya darasani. Makala haya yanakusudia kulihakiki kwa jicho la istilahi. Tutaonyesha kwamba matatizo yanayomkabili mfasiri wa fumbo hili la mchezo ndiyo yale yale yanayomkabili mfasiri wa kitabu cha fundi umeme, au mtumishi wa serikali anayeandika tangazo la hatari. Tofauti ni kwamba huko wanaosoma hawachezi.

Kwanza: neno kutegua

Toleo la Kiswahili tutakalolichambua lilitufikia bila jina la mfasiri, nasi hatulitafuti, maana makosa yake ni ya wengi. Linasomeka hivi:

"Sanduku la bomu lina waya tatu. Waya zote si za kukata. Waya moja ni ya kuzima bomu. Kila waya ina kibandiko. Waya nyekundu: Ni hii au ya samawati. Waya ya samawati: Si hii. Waya ya njano: Ni hii. Kibandiko kimoja ni kweli. Je, ukate waya gani?"

Mfasiri ametumia kitenzi kuzima. Twaelewa sababu yake: taa huzimwa, moto huzimwa, mashine huzimwa. Lakini kinachozimwa ni kitu ambacho tayari kinawaka au kinafanya kazi. Bomu ambalo halijalipuka haliwaki, limetegwa tu. Kiswahili kina neno lake kwa hali hiyo, nalo ni la zamani kuliko mabomu. Mwindaji hutega mtego. Akitaka kuuondolea nguvu bila kunasa kitu, huutegua. Kiambishi -u- hapa kinafanya kazi ile ile kinayoifanya katika kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kupanga na kupangua. Kwa hiyo mtu atega bomu, na mtaalamu alitegua. Hakuna haja ya kukopa wala ya kubuni.

Lenye kupendeza zaidi ni kwamba kitenzi hiki ndicho tunachokitumia kwa kitendawili. Mtambaji husema "Kitendawili", naye msikilizaji hujibu "Tega". Akifikiri na kupata jibu, husemwa kuwa amekitegua. Basi katika Kiswahili anayefumbua fumbo la bomu na anayeliondolea bomu nguvu hufanya tendo lenye jina moja. Mfasiri aliyeandika kuzima ameacha mlangoni mali aliyopewa bure.

Hata hivyo, tusichukuliwe na utamu wa neno hata tukaliita fumbo hili kitendawili. Jibu la kitendawili ni mali ya jamii. Limekubaliwa, na mtu hulijua kwa kuwa amelelewa pale linapotumika. Anayetoa jibu jingine, hata likiwa na maana, huambiwa amekosa, naye hutoa mji. Fumbo la kimantiki haliko hivyo. Jibu lake lazima litokane na maneno yaliyoandikwa, na lisitokane na kitu kingine chochote. Mtu asiyejua lolote juu ya waliolitunga anapaswa kufika pale pale. Ndiyo sababu magazeti yetu huliita jambo la namna hii chemshabongo, na jina hilo lafaa. Kitendawili huvumilia lugha iliyofichika na hata huitaka; chemshabongo hufa pale neno moja linapokuwa na maana mbili.

Pili: filamu na mwongo mmoja

Tofauti hiyo yaonekana vizuri katika filamu iliyoupa mtindo huu wa waya mbili sifa kubwa. Juggernaut, filamu ya Kiingereza iliyoongozwa na Richard Lester na kutolewa mwaka 1974, yasimulia juu ya meli ya abiria iliyotegwa mabomu katika bahari ya Atlantiki. Hadithi yenyewe ilichochewa na kisa cha mwaka 1972, pale palipotolewa vitisho kwamba meli ya Queen Elizabeth 2 ina mabomu, na wataalamu wa kijeshi wakaangushwa baharini kwa miavuli ili waikague. Bomu halikuonekana.

Katika filamu, mteguaji mabomu aitwaye Fallon, aliyechezwa na Richard Harris, anafika mwisho wa kazi na kubakiwa na nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja wa buluu. Aliyeyatega mabomu amekwisha kukamatwa, na anazungumza naye kwa redio. Watu hao wawili wanajuana tangu zamani. Fallon anamwuliza akate upi. Anaambiwa: wa buluu. Fallon anakata mwekundu, naye anapona.

Kama mchezo wa kuigiza, mwisho huo ni mzuri sana. Kama fumbo la kimantiki, hauna jibu. Tuna kauli moja tu, na msemaji mmoja ambaye hatujui kama ni mkweli. Akiwa mkweli, waya ni wa buluu. Akiwa mwongo, ni mwekundu. Hakuna kauli ya pili ya kuipima ile ya kwanza. Fallon hakufikia jibu kwa hoja; alilifikia kwa kumjua mtu. Alitegua kitendawili, hakutegua chemshabongo. Mwalimu anayetaka kufundisha mantiki asilete kisa hiki darasani kwa madhumuni hayo, maana mwanafunzi hodari atasema kwa haki kwamba hakuna njia.

Tatu: "zote si" na "kimoja ni"

Turudi kwenye toleo letu. Lenyewe lina kauli tatu, na kwa hiyo laweza kupimwa. Lakini laweza kupimwa pale tu maneno yatakapokuwa na maana moja moja.

Tazama sentensi hii: "Waya zote si za kukata." Mfasiri alitaka kusema kwamba si kila waya unaofaa kukatwa, upo unaofaa na ipo isiyofaa. Lakini msomaji wa Kiswahili anayo haki ya kuelewa kwamba hakuna hata mmoja unaofaa kukatwa. Akielewa hivyo, fumbo limekwisha kabla halijaanza, kwani jibu ni kuweka mkasi chini. Tatizo hili halitokani na uchache wa maneno katika lugha yetu. Kikanushi kikitangulia, maana hunyoka: "Si zote zinazofaa kukatwa" ina maana moja, na "Hakuna unaofaa kukatwa" ina maana moja. Kikanushi kikifuata neno zote, maana hugawanyika. Kanuni ya kumpa mfasiri ni fupi: mahali palipo na hatari, usiandike zote si.

Kosa la pili ni zito zaidi, kwa kuwa halionekani: "Kibandiko kimoja ni kweli." Je, ni kimoja tu, au ni kimoja kwa uchache? Katika mazungumzo ya kila siku hatujali. Ukisema una mtoto mmoja shuleni, hakuna atakayekushitaki ikiwa wako wawili. Lakini hebu tulifanyie hesabu.

Tuseme waya wa kutegua ni mwekundu. Kibandiko chake, kisemacho "ni huu au wa buluu", ni kweli. Kibandiko cha waya wa buluu, kisemacho "si huu", ni kweli pia. Cha njano ni uongo. Vya kweli ni viwili.

Tuseme ni wa buluu. Kibandiko cha mwekundu ni kweli. Cha buluu ni uongo, na cha njano ni uongo. Cha kweli ni kimoja.

Tuseme ni wa njano. Cha mwekundu ni uongo. Cha buluu ni kweli, na cha njano ni kweli. Vya kweli ni viwili.

Basi ikiwa maana ni "kimoja tu", jibu ni waya wa buluu, wala hakuna jibu jingine. Ikiwa maana ni "kimoja kwa uchache", nyaya zote tatu zaweza kuwa jibu, na fumbo halifumbuki kamwe. Silabi moja, tu, ndiyo inayotenganisha uhai na kifo. Mfasiri aliiacha, pengine kwa kuona kwamba haina uzito.

Walimu watatambua kwamba jambo hili halihusu mabomu peke yake. Mitihani yetu imejaa maagizo ya "jibu swali moja" na "chagua mbili". Sheria zetu zimejaa masharti ya kutimiza moja au zaidi. Anayefasiri hati za namna hiyo hana budi kuwa na maneno matatu yaliyotengana, asiyabadilishe katika hati moja: moja tu, kwa wingi usiozidi, angalau moja, kwa uchache usiopungua, na isiyozidi moja, kwa pale ambapo hata kukosekana kabisa kwakubaliwa.

Nne: ngeli ya waya na wingi uliofichika

Mfasiri wetu ameandika "waya nyekundu", "waya ya samawati". Wasemaji wengi husema hivyo, na hatuwezi kuwaambia kwamba hawajui lugha yao. Neno waya lilikopwa, na baada ya kuingia limeshika njia mbili: wapo wasemao waya hii, waya hizi; na wapo wasemao waya huu, nyaya hizi. Swali la mtu wa istilahi si nani Mswahili zaidi. Swali ni njia ipi inayomlinda msomaji.

Chukua agizo hili: "Kata waya nyekundu." Katika njia ya kwanza, msomaji hawezi kujua ni waya mmoja au ni zaidi, kwa sababu nyekundu ni ya umoja na ya wingi pia. Ajabu ni kwamba rangi za asili ya vitu haziingii katika mtego huu: waya ya buluu ni mmoja, waya za buluu ni nyingi, kwa kuwa kiunganishi kinaonyesha hesabu. Hatari iko kwenye vivumishi vyetu vitatu halisi vya rangi, yaani -eupe, -eusi na -ekundu, ambavyo ndivyo vya kale kabisa. Katika njia ya pili hatari yaondoka: "Kata waya mwekundu" ni mmoja, "Kata nyaya nyekundu" ni zaidi ya mmoja.

Katika toleo letu hali si mbaya, kwa kuwa sanduku lina waya mwekundu mmoja tu. Lakini kitabu cha fundi hakina nyaya tatu. Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika maandishi ya kiufundi itumike waya huu, nyaya hizi, hata na wale ambao katika mazungumzo husema vingine.

Tano: majina ya rangi

Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu juu ya majina ya msingi ya rangi, wakidai kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi huwa na ya nyeupe, nyeusi na nyekundu. Msomaji wa Kiswahili atavitambua hapo vivumishi vyetu vitatu tulivyovitaja. Rangi nyingine tumezipa majina ya vitu: kijani kutokana na jani, kijivu kutokana na jivu, zambarau kutokana na tunda, kahawia kutokana na kahawa. Njia hiyo ni nzuri, na ni ya kwetu. Ila imetuletea majina mengi kwa rangi moja.

Rangi ya buluu huitwa pia samawati. Kwa wengine samawati ni rangi nyepesi ya mbingu tu. Kwa wengine ni jina la rangi yote, nyepesi na nzito. Ikiwa sanduku lina nyaya za rangi hizo zote mbili, agizo la "kata wa samawati" limekosa maana. Rangi ya kahawia nayo huitwa hudhurungi na maji ya kunde. Mshairi atafurahia utajiri huu, na afurahie. Fundi hawezi.

Hapa ndipo fumbo letu linapoacha kuwa mchezo. Kwa kanuni za zamani za Uingereza, ambazo zilifuatwa pia katika nchi zetu za Afrika Mashariki, nyaya zilizofungwa ukutani zilikuwa nyekundu kwa ule uletao umeme, ambao mafundi huuita laivu, na nyeusi kwa ule urudishao, yaani nyutro. Palipo na mikondo mitatu, laivu zilikuwa nyekundu, njano na buluu, na nyutro ikawa nyeusi. Uingereza ilianza kubadili rangi za nyaya za ukutani mwaka 2004, na tangu mwaka 2006 kazi mpya zimetakiwa kufuata rangi za Ulaya: laivu za mikondo mitatu ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Angalia kilichotokea. Buluu iliyokuwa laivu sasa ni nyutro. Nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni laivu. Jengo likifungwa umeme kwa kanuni ya kwanza na kuongezwa vyumba kwa kanuni ya pili, rangi moja ina maana mbili zinazopingana ndani ya nyumba moja. Ndiyo sababu Waingereza wenyewe walitaka kibandiko cha tahadhari kiwekwe mahali kama hapo.

Nchini Marekani, nyeusi ni laivu na nyeupe ni nyutro. Katika Ujerumani ya zamani, waya mwekundu ulikuwa ule wa kinga uendao ardhini, ambao mafundi wetu huuita ethi. Fundi aliyesoma kwa kitabu cha nchi moja na kufanya kazi katika nyumba ya nchi nyingine yuko hasa katika hali ya yule mwenye mkasi.

Na waya ule wa kinga, kwa kanuni ya leo, una rangi mbili: kijani na njano. Mfasiri akiandika "waya wa kijani na wa njano", ametaja nyaya mbili. Akiandika "nyaya za kijani na njano", hatujui ni mbili zenye rangi moja moja au nyingi zenye rangi mbili mbili. Aandike "waya wenye milia ya kijani na njano", na hapo hakuna atakayekosea. Kuhusu ule wa laivu, twapendekeza kahawia litumike peke yake, na hudhurungi na maji ya kunde yaachiwe matumizi mengine. Waya unaoweza kumwua mtu haufai kuwa na majina matatu.

Yafaa pia kukumbuka kwamba wako watu ambao macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani. Miongoni mwa wanaume wa asili ya Ulaya ni kiasi cha mmoja katika kumi na wawili. Kwa hiyo kitabu kizuri hutaja rangi na huongeza herufi au nambari kando yake.

Sita: bomu lisilolipuka na bomu ambalo halijalipuka

Mabomu halisi hayana kanuni ya rangi. Anayetega bomu hana sababu ya kufuata desturi ya fundi, na waweza kukuta nyaya zote zina rangi moja. Wateguaji wa kweli hujitahidi kutolikaribia kabisa. Tangu mwaka 1972 jeshi la Uingereza, likiwa Ireland ya Kaskazini, lilitumia kigari kinachoongozwa kutoka mbali, kilichoitwa Wheelbarrow, yaani toroli. Kwa upande huu, fumbo linapotosha: linamfanya msomaji aamini kwamba rangi ina maana kwa asili yake. Rangi ya waya ni makubaliano, kama istilahi ilivyo makubaliano. Pasipo waliokubaliana, haisemi kitu.

Lakini lugha ya hatari imetufikia hata sisi. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha lililipuka Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 jingine likalipuka Gongo la Mboto, yote katika Dar es Salaam. Watu walikufa, na silaha zilitupwa mbali katika makazi. Katika nyakati kama hizo wananchi huonywa wasiguse kitu wasichokijua, na husikika maneno "mabomu yasiyolipuka". Tuyapime maneno hayo kama tulivyovipima vibandiko. Kirejeshi kikanushi -si- hakina wakati. "Mtu asiyekunywa pombe" ni mtu ambaye hiyo ndiyo tabia yake. Basi "bomu lisilolipuka", kwa sarufi yake, laweza kueleweka kuwa ni bomu ambalo tabia yake ni kutolipuka, yaani bomu salama. Mtoto akilielewa hivyo, hakukosea sarufi. Maana iliyokusudiwa imo katika -ja-, ambacho husema jambo halijatokea na bado laweza kutokea: "mabomu ambayo hayajalipuka". Ni maneno marefu kidogo. Urefu huo una thamani yake.

Hitimisho

Tumeliandika upya fumbo letu kwa kufuata yaliyosemwa:

"Sanduku la bomu lina nyaya tatu: mmoja mwekundu, mmoja wa buluu na mmoja wa njano. Waya mmoja tu kati ya hizo, ukikatwa, hutegua bomu. Ukikatwa mwingine wowote, bomu hulipuka. Kila waya una kibandiko. Kibandiko cha waya mwekundu chasema: Waya wa kutegua ni huu au ule wa buluu. Cha waya wa buluu chasema: Waya wa kutegua si huu. Cha waya wa njano chasema: Waya wa kutegua ni huu. Kati ya vibandiko hivi vitatu, kimoja tu ndicho kisemacho kweli. Je, ukate waya upi?"

Limekuwa refu kuliko la kwanza, na sasa linafumbuka. Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi matoleo yote mawili na kuwataka waonyeshe ni neno gani lililobadili jibu. Zoezi hilo litawafaa katika hisabati na katika Kiswahili pia.

Kwa wafasiri na watumishi wa serikali, mapendekezo yetu ni matano: bomu litegwe na liteguliwe, waya huu na nyaya hizi zitumike katika maandishi ya kiufundi, zote si iachwe mahali pa hatari, moja tu, angalau moja na isiyozidi moja yatenganishwe, na kila rangi yenye kazi katika umeme ipewe jina moja, tukianza na kahawia na buluu. Mapendekezo haya hayahitaji neno jipya hata moja. Maneno yote tunayo. Kilichobaki ni kukubaliana, kisha kuwafundisha mafundi na wanafunzi kabla ya kuyachapa kwenye vibandiko.